Besi Langu na Chungu cha Lyulilo

Niliaga kwamba nakwenda siku sita, nikarudi baada ya wiki nne. Tangu nirudi Magomeni, kila ninayekutana naye kwa kinyozi au kwenye kahawa ananiuliza kulikoni, na kila nikianza kusimulia anaingia mwingine katikati, nalazimika kurudi mwanzo. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Habari za tiketi na mizunguko ya ruhusa naziruka, maana hizo hata mimi zinanichosha.

Ambakisye wengi mnamkumbuka. Kwa wasiomjua, ndiye aliyekuwa mpiga solo wa bendi yetu ya kiwanda, na kwa miaka kumi na minne mimi nilisimama kushotoni kwake na gitaa langu la besi. Kiwanda kilipopata wenyewe wapya, hao wenyewe hawakutaka bendi. Ngoma, maspika na magitaa vilifungiwa stoo. Besi langu lilisalimika kwa sababu nililinunua mwenyewe kwa mwanamuziki mmoja aliyekuwa anarudi kwao Zaire. Ambakisye alikwenda kwao Kyela akaanza kuvusha mchele na sabuni mpakani. Mimi nilibaki hapa nikipiga hotelini, mpaka meneja alipoleta kijana mwenye kinanda cha umeme. Kijana yule alikuwa anapiga besi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukifanya mengine yote. Alinisalimia kwa heshima sana siku aliyonirithi. Baada ya hapo nikaingia kwenye mitumba, na besi likaingia uvunguni.

Kisha ikaja barua. Ambakisye aliandika kwamba binti yake Tusajigwe anaolewa, harusi itakuwa Matema, na chini akaweka mstari mmoja: "Baba amekubali. Njoo na besi."

Maneno hayo mawili, baba amekubali, ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Baba yake ni mzee wa kanisa. Ujanani alifanya kazi migodini Afrika Kusini pamoja na mdogo wake, na mdogo huyo alipotelea kwenye kumbi za dansi na pombe mpaka akazikwa huko huko. Ambakisye aliposhika gitaa, mzee alimwambia kwamba hatamfukuza wala hatamlaani, ila hatamsikiliza. Akashika neno lake kwa zaidi ya miaka ishirini. Walikula pamoja, walilima pamoja kila Ambakisye alipokwenda likizo, lakini redioni ukipigwa wimbo wetu mzee aliinuka akatoka nje. Sasa alikuwa amesema kwamba kwenye harusi ya mjukuu wake wapige, mchana, watu wakiwa wanaonana, naye atakaa asikilize. Mara moja.

Dar hadi Mbeya

Kabla ya kuondoka nilichemsha nyuzi. Vijana hawalijui jambo hili. Enzi za uhaba uzi wa besi haukupatikana, kwa hiyo ukichoka na kuanza kutoa sauti kama unapigia kwenye godoro, ulikuwa unauvua, unauchemsha kwenye sufuria na magadi kidogo, unaukausha, na kwa wiki mbili tatu unarudiwa na uhai. Sufuria moja ya mke wangu ilitumika kwa kazi hiyo mpaka akanikabidhi moja kwa moja. Siku hizi nyuzi mpya zimetundikwa madukani Kariakoo kama pipi, na bendi ndizo zilizoadimika. Ningeweza kununua mpya. Nilichemsha za zamani kwa sababu vidole vyangu vinazijua.

Nilisafiri na besi lenyewe, amplifaya ndogo ya kutumia betri za gari, na spika moja ya inchi kumi na mbili yenye boksi lake la mbao. Spika nilikuwa nimeifungua nikaitoa kwenye boksi, nikaizungushia shuka na kuipakata. Hiyo ni tabia niliyojifunza kwa maumivu. Mwaka mmoja tulikwenda Songea na spika ikiwa ndani ya boksi lake, juu ya keria. Tulipofika sumaku ilikuwa imeng'oka, tukapiga dansi zima bila besi, na watu wakatuuliza kwa nini tunapiga kama tuna njaa.

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anarudi Makambako. Alitaka kuona nilichobeba. Nilipofungua mkoba akalitazama besi kwa muda mrefu, akahesabu kwa kidole, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba gitaa la kaka yake lina nyuzi sita. Nikamweleza kwamba hili ni besi, zake ni nne. Tulipovuka Mikumi akaniuliza kama yule aliyeniuzia ninaweza bado kumpata.

Kitonga tulipasua tairi, na tairi la akiba likaonekana halina upepo. Tulikaa kando ya barabara kutoka asubuhi mpaka jua likageuka. Yule mama alifungua kikapu akanipa viazi vitamu na yai. Nami, kwa kuwa sikuwa na la kumpa, nikampigia. Besi lisilo na umeme halisikiki mbali, kwa hiyo aliinama akaweka sikio juu ya ubao wake. Akasema sasa ameelewa, hizo mbili zilizokosekana zingefanya kelele tu.

Mbeya hadi Kyela

Kutoka Uyole gari linapanda kwenye baridi na ukungu, unapita migomba na chai ya Tukuyu, kisha linaanza kushuka, na kila baada ya maili chache unavua nguo moja. Nilifika Kyela nikiwa na shati tu, nalo limelowa jasho.

Pale stendi nilimtafuta Ambakisye sikumwona. Niliona badala yake watu kama thelathini wamekaa juu ya magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, viti vya kukodi na kuku waliofungwa miguu. Mzee mmoja aliyevaa koti jeusi na kofia ya kiua alisimama akanijia. Alinisalimia, "Mugonile," kisha kwa Kiswahili akaniuliza kama mimi ndiye Hamisi wa Dar es Salaam, rafiki wa Ambakisye. Nikasema ndimi. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akajitambulisha kuwa Mzee Mwaisemba wa Njisi kule mpakani, mjomba wa bwana harusi. Akawageukia watu wake akawaambia neno, nao wakaanza kusimama na kujitwisha mizigo.

"Basi liko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha mkoba mgongoni. "Hili hapa."

Alicheka kwa adabu, jinsi unavyocheka na mgeni. Kisha akauliza tena, limeegeshwa wapi, maana watu wamekaa tangu asubuhi. Nikaanza kuona kwamba jambo limeharibika mahali. Ambakisye alikuwa amemtuma dereva mmoja awaambie wakwe kwamba rafiki yake anakuja kutoka Dar na besi lake. Dereva akamwambia mwenye duka wa Talatala, naye akapeleka habari Njisi, na mpaka inafika kwa Mzee Mwaisemba ilikuwa kwamba kuna tajiri wa Dar es Salaam anakuja na basi lake. Upande wa bwana harusi ukafanya mipango yake yote juu ya basi hilo. Wengine walivuka kutoka Malawi kwa ajili ya basi hilo.

Nilipofungua mkoba na kuwaonyesha, kuku ndio waliosikika. Mzee Mwaisemba alilitazama lile gitaa, akanitazama mimi, akarudisha kofia yake kichwani vizuri. Nilikuwa naomba ardhi inimeze. Ndipo bibi mmoja nyuma, shangazi wa bwana harusi, alipoanza kucheka, na kicheko chake kikapita kwa mmoja mmoja hadi watu thelathini wote wakawa wanashikilia mizigo yao kwa kicheko. Mzee Mwaisemba hakucheka. Alisema ataona la kufanya, akaondoka kwa miguu.

Alirudi na lori la mpwa wake lililokuwa limetoka kushusha mpunga.

Kyela hadi Matema

Kama hujawahi kuona mvua ya Kyela, usiseme umewahi kuona mvua. Tulipofika Ipinda barabara ilikuwa uji. Tulivuka mto Mbaka salama, akina mama wakiimba juu ya magunia. Walinilazimisha nikae karibu na dereva, mgeni asilowe, na spika yangu mapajani. Boksi lake tupu lilibaki nyuma pamoja na viti.

Baada ya Ipinda, lori lilizama. Gurudumu la nyuma lilikwenda mpaka kwenye ekseli. Wanaume walishuka, wakakata matawi, wakatafuta mawe, kila kitu kikamezwa na tope. Nilibaki nimeikumbatia spika ndani ya kabini, nikisikia kelele za watu wakisukuma, kisha mlio wa mbao kuvunjika, kisha lori likaruka mbele na kila mtu akashangilia.

Nikauliza mlio ule ulikuwa wa nini. Mzee Mwaisemba alikuja dirishani, tope mpaka magotini, koti jeusi limekuwa la kahawia. Alikuwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu tukutane. Akanieleza kwamba Mungu ni mwema, wamekuta kikreti kitupu kizuri cha mbao nene, wakakitia chini ya tairi.

Niliteremka nikaenda kutazama. Boksi langu lilikuwa vipande vinne na matope. Kwa asiyejua nieleze tu kwamba spika ya besi bila boksi si kitu. Inatikisika, inatoa mlio mdogo kama nyuki kwenye chupa, na ule mzito unaoushika mwili unapotea hewani. Spika nilikuwa nimeipakata siku tatu, na sasa haikuwa na pa kukaa.

Mzee Mwaisemba aliusoma uso wangu. Akauliza kimetokea nini, nikamwambia. Akavua kofia. Akasema kwamba tangu kule stendi anajilaumu kwa kulisikia neno vibaya na kuwaweka watu juani, na alidhani kwa lori hili amelipa. Nilimwambia twende, mvua inakuja tena.

Tulifika Matema magharibi, milima ya Livingstone ikiwa imesimama juu yetu kama ukuta na ziwa likiwa jeupe mbele. Ambakisye alikuwa amesimama kwenye njia. Amenenepa kidogo, nywele zimepungua. Tulikumbatiana. Kisha akatazama mizigo, akahesabu kama alivyozoea kuhesabu vyombo tulipokuwa tunashuka kwenye gari la bendi, akauliza boksi liko wapi.

Baba yake nilimkuta amekaa mlangoni kwake. Mzee mrefu, mkavu, sikio la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ya baruti za migodini. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo nilimsalimia kwa Kinyakyusa nilichokariri, naye akanijibu, "Ndaga," yaani asante. Alilitazama besi bila kuuliza chochote. Tulikula wali wa Kyela, ule unaonukia kabla hujafunua sufuria, na samaki mbasa. Walikuwa wamesubiri nifike ili mimi Mwislamu nichinje kuku wote wa harusi mwenyewe nisije nikalala njaa. Nilichinja kuku ishirini na mmoja asubuhi iliyofuata, na kwa kazi hiyo nilipata jina kijijini kabla hata sijapiga noti moja.

Matema hadi Lyulilo

Tulijaribu spika kwenye debe, ikapiga kelele za bati. Tulijaribu kwenye sanduku la nguo la bi harusi, na mama mtu akatufukuza. Fundi seremala wa pale alikuwa amesafiri. Harusi ilikuwa kesho yake. Ambakisye alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kukosa kwamba tutapiga gitaa lake na ngoma za kwaya, basi, mzee atasikia hivyo hivyo. Nilimjua vya kutosha kujua anachosema. Mzee sauti nyembamba hazisikii. Angeona mikono ya mwanawe inakwenda, na asipate kitu.

Mzee Mwaisemba ndiye aliyesema twende Lyulilo, ni siku ya soko, huenda tukapata hata kasha la sabuni. Tulikwenda kwa miguu kandokando ya ziwa, sisi watatu, mimi na besi mgongoni kwa sababu siliachi popote. Mitumbwi ilikuwa inafika kutoka Ikombe imejaa vyungu, vimepangwa kimoja ndani ya kingine na nyasi katikati. Wanawake wa Kikisi walikuwa wanavishusha na kuvipanga mchangani. Makasha ya sabuni hayakuwepo.

Nilikuwa nimesimama nimekata tamaa niliposikia mlio. Mama mmoja alikuwa anapita kwenye vyungu vyake akivigonga kimoja kimoja kwa kiungo cha kidole, kuona kama kuna kilichopata ufa safarini. Kila kimoja kilikuwa na sauti yake. Kidogo kilisema juu, kikubwa kilisema chini. Kimoja kilijibu kwa sauti iliyokufa, naye bila hata kukitazama akakiweka pembeni. Nikamwona tena anagonga kimoja kikubwa, na ule mlio nikausikia tumboni.

Aliitwa Mama Eliza. Nilimsalimia, nikamwambia nataka kukiazima au kukinunua kile kikubwa. Akaniuliza cha maji au cha pombe. Nikasema cha muziki. Alimgeukia Mzee Mwaisemba kama anayeuliza huyu mgeni ni mzima, na Mzee Mwaisemba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuelewa besi ni nini, akajitahidi kumweleza. Mama Eliza alisikiliza mpaka mwisho, akasema chungu si cha kuchezea. Kina siku nyingi za kufinyanga na kukausha na kuchoma, na kimeagizwa na mtu wa Kyela.

Sikubishana. Nilitoa besi, nikapiga magoti mchangani, nikaegemeza kichwa chake kwenye mdomo wa chungu, nikapiga uzi wa tatu. Mmoja wenu aliwahi kuniona nikifanya hivyo kwenye mlango wa kabati. Sauti ambayo hata mimi sikuwa naisikia iliingia ndani ya chungu ikatoka imenenepa, ikatembea kwenye mchanga. Wanawake wa jirani wakaacha kupanga.

Mama Eliza alichuchumaa. Aliweka kiganja ubavuni mwa chungu chake akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nishuke, nikapiga uzi mnene. Chungu kikatetema vibaya, na yeye akainua mkono haraka.

"Hapo usiende tena, baba," akasema. "Hapo kinaumia."

Nilikuwa nimepiga besi kwa miaka ishirini na kitu, nimefanya kazi na mafundi mitambo wa kila aina, na sijawahi kukutana na mtu aliyejua upesi hivyo sauti inakwama wapi. Akakichukua kile chungu mwenyewe, akajitwika kichwani. Akasema hauzi wala haazimishi, ila atakuja nacho, na atakaa nacho, na ikibidi atakiondoa. Mtu wa Kyela atangoja.

Alasiri ya harusi

Kutoka kanisani watu walikuja moja kwa moja uwanjani kwa mzee. Tulikuwa tumekiweka chungu kwenye kata ya majani makavu ya migomba, spika imelazwa juu ya mdomo wake ikitazama mbinguni, ukingoni tumezungushia kitambaa ili udongo na chuma visigusane. Betri zilikuwa za lile lori, kwa hiyo dereva hakuwa na pa kwenda hata angetaka. Mama Eliza alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa chungu, mkono mmoja juu yake, kama mtu aliyemshika mtoto kwenye foleni ya sindano. Mwalimu wa shule ya msingi alikaa kwenye ngoma za kwaya.

Kwa ajili ya lile katazo la Mama Eliza tulipandisha nyimbo zote juu kidogo. Ambakisye alilalamika kwamba sasa anaimba kama kijana, nikamwambia ajitahidi.

Wazee wa kanisa walipangiwa benchi mbali, chini ya turubai, na baba yake Ambakisye akakaa katikati yao. Tulianza na wimbo wetu wa polepole, ule tuliokuwa tunafungulia dansi. Mikono yangu ilikuwa na hofu mpaka mstari wa pili, kisha ikakumbuka. Chungu kilisema. Hakikuwa na sauti ya boksi lolote nililowahi kupigia. Ilikuwa ya duara, yenye joto, na ilitembea chini kwa chini. Niliona shangazi wa bwana harusi, yule aliyecheka stendi, akiitazama miguu yake mwenyewe kana kwamba kuna mtu ameigusa.

Katikati ya wimbo, mzee akasimama.

Alisimama wima, akashika fimbo yake, akaondoka kwenye benchi, akapita nyuma ya watu, akaelekea nyumbani kwake bila kugeuka. Nilimwona, na Ambakisye alimwona. Hakuacha kupiga. Aliinamisha uso kwenye gitaa, akaruka ubeti mzima bila kuimba. Mimi niliendelea kwenda chini yake, noti nne, noti nne, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, na nilijua nikisimama na yeye atasimama. Watu walianza kunong'ona. Nilikuwa nawaza vibaya juu ya mzee yule, nisifiche.

Kisha umati ukafunguka upande wa nyumba. Mzee alikuwa anarudi, polepole, amekokota kiti chake cha mbao, kile cha mlangoni. Hakumruhusu mtu kumsaidia. Alikileta mpaka mbele kabisa, akakiweka mkabala na Mama Eliza, akakaa akikigeuzia chungu sikio lake zima. Mama Eliza akasogeza mkono wake kidogo kumpisha, naye akaweka wake.

Tulipiga mpaka jua likafika kwenye maji. Hakuinuka. Wimbo ulipokwisha alitikisa kichwa kidogo kumwonyesha mwanawe kwamba anangoja mwingine. Ambakisye alirudia kuimba, na mara mbili sauti ilimkatika, watu wakadhani ni ule ufunguo wa juu.

Matema hadi nyumbani

Nilipaswa kuondoka kesho yake. Mvua ilikata barabara mahali pawili na gari halikupita kwa karibu wiki tatu, ndiyo sababu ya mimi kuchelewa na ya nyinyi kuanza kusema nimeoa huko. Sikuoa. Nililima, nikala mbalaga, yaani ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zimelainika, nikajifunza kuanika dagaa usipa, na nikafundishwa na Mzee Mwaisemba, aliyekwama kama mimi, kuhesabu mpaka kumi kwa Kinyakyusa. Yeye naye kila mgeni aliyepita alimweleza tofauti ya besi na basi, kwa urefu, kana kwamba aliigundua.

Mama Eliza alikaa siku mbili. Alikigonga chungu chake mzunguko mzima, akasikiliza, akasema kizima. Nikadhani anaondoka nacho. Akasema mtu wa Kyela atafinyangiwa kingine, hiki akamwachia Tusajigwe cha kuwekea maji.

Alasiri nyingine nyingi baba yake Ambakisye aliweka kiti chake barazani, nasi tukampigia bila umeme, mimi nikiegemeza besi kwenye nguzo aliyoegemea yeye. Hakuwahi kusema kama anapenda. Wala sikumsikia akimtaja mdogo wake, ila mara moja aliuliza jina la wimbo, na Ambakisye alipomtajia, akalirudia mara mbili kwa sauti ya chini.

Siku barabara ilipofunguka, lori lile lile, lililokuwa limekwama nasi, ndilo lililotuchukua. Mzee alinisindikiza mpaka garini, jambo ambalo kwa miguu yake si dogo. Nilikuwa nimekwisha kupanda aliposhika ukingo wa bodi na kuzungumza, taratibu, akinitazama mimi. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Ambakisye alikuwa amesimama kando yake, na kwa desturi yeye ndiye aliyekuwa anatafsiri. Alifungua mdomo, akafumba. Akaenda akatazama tairi la mbele.

Ikabidi Mzee Mwaisemba, aliyekaa karibu nami juu ya gunia, anitafsirie.

"Anasema miaka yote alikuwa hawezi kulala vizuri, anadhani mwanawe anapiga peke yake huko," akaniambia. "Anasema hakujua kama alikuwa amesimama na mtu."

Dereva aliwasha lori. Ambakisye alikuwa bado ameinama pale kwenye tairi, na mzee akaenda, akasimama kando yake, akaweka mkono mgongoni mwake, nao wakabaki hivyo mpaka tukakata kona ya kwanza.